Wachache Walibaki

Kitale,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Mwalimu Dancan Nyongesa,

Salamu nyingi, Mwalimu. Huenda jina langu utalikumbuka kwa shida. Mimi ni Phanice Chepkemei, yule mtoto wa Cheptais, kule mlimani, uliyekuwa ukimwita "Mlima" kwa sababu nilifika shuleni kwenu, kule upande wa Lugulu, nimevaa sweta mbili. Nilimaliza darasa la nane mwaka wa 2006. Siku hizi nafundisha Bayolojia katika shule ya upili ya wasichana hapa Kitale. Nilipotafuta namba yako nilimpata binti yako Phelista. Akaniambia, "Baba hasikii simu tena, masikio yamekwisha. Mwandikie tu, atafurahi." Sijui kama utafurahi.

Wiki iliyopita tulikuwa na semina ya walimu wa sayansi. Mtaalamu mmoja kijana, jina lake Kiragu, alitufundisha habari za wanyama ambao wakiondoka, makao yao yote hubadilika. Mimi nikainua mkono na kumtaja ng'ombe wa bahari wa kaskazini. Nilieleza vizuri, Mwalimu, nilieleza kama wewe. Mwisho nikasema wachache bado wako.

Kiragu akasema kwa upole, "Madam, huyo aliisha. Wa mwisho aliuawa 1768."

"Hapana," nikasema, "wachache walibaki."

"Walibaki wapi?"

Nikajibu kama mtoto wa darasa la nane: "Mbali. Watu hawawafikii."

Chumba kizima kikacheka. Mwalimu mmoja wa Kiminini akasema, "Ati labda wako kwa dam yetu ya maji, bana." Nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu ningefanya nini?

Kwa miaka minane nimewafundisha wasichana wangu mnyama huyu. Kila mwaka namchora kwa jivu uwanjani, hatua nane toka pua hadi mkia, kisha wanalala ndani yake wasichana kumi na wanne, kama ulivyotulaza sisi. Nawaambia hakuwa na meno, ngozi yake ilikuwa kama gome la mti, hakuweza kuzama, mgongo wake ulikaa nje ya maji na ndege wakatua juu yake. Nawaambia kuna mwani mkubwa unaoota toka chini ya bahari hadi juu, msitu mzima, na yeye alikula ule wa juu. Na mfano ninaotumia ni wako. Mahindi yakifunga majani, maharagwe chini yake yanakuwa manjano. Mama akipita katikati ya mistari akitoa majani ya mahindi ampelekee ng'ombe, maharagwe yanapata jua. Ulisema huyo mnyama, kule baharini, alikuwa ng'ombe na mama kwa wakati mmoja.

Utaniuliza mbona sikuhakikisha, mimi mwenye digrii na simu mfukoni. Sikuhakikisha kwa sababu ni wewe ulisema. Mtu hahakikishi jina la mama yake.

Sasa nimesoma. Meli ilivunjika kwenye visiwa vyao mwaka wa 1741, daktari wa meli akawaona na kuandika habari zao, na baada ya miaka ishirini na saba hakuna hata mmoja. Kinachoniuma zaidi ni hiki: wataalamu wa leo wanasema huenda kweli alikuwa akilifungua lile paa la mwani, mwanga ukafika chini, na mimea midogo ikapata kuishi. Hilo mwaka wa 2006 halikuwa katika kile kitabu ulichotusomea. Ulilibuni kutokana na shamba la mahindi, na limekaribia ukweli. Kilichokuwa kimeandikwa tangu zamani, kwamba waliisha, ndicho ulichotuficha.

Aliyeuliza ni mimi. Nakumbuka nilikuwa nimekaa ndani ya tumbo la jivu. "Mwalimu, wote waliisha?" Ulikohoa, ukasema wachache walibaki.

Kwa nini?

Ni mimi mwanafunzi wako,
Phanice Chepkemei

*

Bungoma,
21 Juni 2025

Mwanangu Chepkemei, Mlima wetu,

Phelista aliponiletea bahasha nilidhani ni ya watu wa pensheni. Nilipoona jina nikamwambia aniletee miwani ile nzuri. Nimeisoma mara tatu. Mwanafunzi wangu anafundisha Bayolojia! Na anachora kwa jivu! Mungu ni mwema.

Nimezeeka, mwanangu. Masikio yameniacha, magoti nayo yanaaga. Watu wakija hapa wananipigia kelele, nami naitikia kwa kichwa hata kwa jambo nisilolisikia. Ndiyo maana nimependa barua yako. Karatasi hainipigii kelele.

Umeuliza, nami nitajibu. Ni kweli nilijua. Kile kitabu kilikuwa kizee, kimepoteza jalada, kililetwa na wageni wa kanisa pamoja na nguo za mitumba. Kilisema wazi kwamba wale wanyama waliisha. Wawindaji walikuwa wakienda visiwani kutafuta ngozi za fisi maji, na ng'ombe wa bahari wakawa chakula chao cha safari. Hakuwa akimkimbia mtu. Alikuwa akija karibu na ufuo kula, mtu anaweza kumgusa mgongo.

Baadaye nimesoma mahali pengine, sijui kama wewe umeona, kwamba huenda hata kuwaua wale fisi maji kulichangia. Fisi maji alikuwa akila wale wadudu wa baharini wenye miiba kama nungunungu. Fisi maji alipokwisha, wenye miiba wakazaa, wakaula mwani toka kwenye shina. Basi ng'ombe ambaye hakuchomwa mkuki angekufa kwa njaa. Unamwondoa mmoja, kumbe umewagusa watatu. Wafundishe hilo pia.

Sasa kuhusu kile nilichokuambia. Mwanangu, mwalimu akisimama mbele ya watoto arobaini, siku nyingine ulimi unateleza. Ulikuwa umekaa pale ndani ya jivu, umeinua uso, na wiki ile sikuwa na nguvu ya kukutajia kifo kingine. Nikasema nilichosema. Nilikusudia kurekebisha baada ya mtihani, kisha mkatawanyika. Unisamehe kwa aibu niliyokutia mbele ya wenzako.

Njoo siku moja hapa Bungoma. Phelista atatuchinjia kuku, tule na ugali wa wimbi, unisimulie maisha yako.

Mwalimu wako,
D. W. Nyongesa

*

Kitale,
30 Juni 2025

Mwalimu,

Barua yako niliisoma mara moja nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Wewe ubaoni uliandika herufi za kusimama, mojamoja, na madaftarini ulitia alama ya vema na kosa tu. Katika miaka yangu mitatu kwako sikuwahi kuona mwandiko wako wa kuunganisha. Nimeuona Ijumaa. Herufi yako ya "y" ina mkia unaorudi kushoto na kulikata neno la mstari wa chini.

Nina barua nyingine yenye mkia huo. Nimeihifadhi ndani ya Biblia tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Imeandikwa tarehe 2 Novemba 2006. Wewe ndiye uliyeniletea bwenini, ukasema imetoka hospitalini kwa mama. Naiweka hapa, ingawa nahisi huihitaji:

"Chepkemei mwanangu, mimi naendelea vizuri, homa imepungua. Muuguzi ananiandikia. Usije huku, usilie, kaza macho kwa kalamu. Ukimaliza karatasi ya mwisho utanikuta langoni. Ni mimi mama yako, Sellah."

Nilimaliza karatasi ya mwisho nikaenda langoni. Nilisimama pale na sanduku langu. Aliyekuja ni mjomba Kimeli, na njiani ndipo akaniambia mama alifariki siku ya kwanza ya mtihani na tayari wamemzika. Nilipokuuliza, ulinishika bega ukasema, "Hata mimi nimesikia leo."

Sasa unaniandikia kwamba wiki ya lile jivu hukuwa na nguvu ya kunitajia kifo kingine. Lile somo lilikuwa Oktoba, Mwalimu, kabla ya barua ya mama. Kingine baada ya kipi?

Nani aliiandika barua ya mama yangu?

Phanice

*

Bungoma,
12 Julai 2025

Mwanangu,

Usikasirike kabla hujasikia. Ni mkono wangu, sikatai. Mama yako alikuwa dhaifu, kalamu ilimshinda, na wauguzi walikuwa na kazi nyingi. Nilienda kumwona kama mwalimu wako. Akaniambia, andika, nami nikaandika alivyosema. Nilitaja muuguzi ili usishtuke kwamba mwalimu mzima ameitwa hospitalini. Maneno ni yake, mimi nilishika kalamu tu.

Hilo la "kifo kingine" ni makosa ya mzee. Nilikuwa nimefiwa na shemeji yangu mwezi ule.

Barua hiyo irudishe ndani ya Biblia, mwanangu. Imekufaa miaka yote hii. Ulipata alama mia nne na mbili, msichana wa kwanza wa shule yetu kuitwa shule ya kitaifa. Mama yako angefurahi.

Mwalimu wako,
D. W. Nyongesa

*

Kitale,
21 Julai 2025

Mwalimu Nyongesa,

Jumamosi nilienda Cheptais kwa kogo. Nyanya yangu sasa anakaribia miaka tisini, lakini kichwa chake ni kizima. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia, "Kogo, nataka kuona karatasi za mama."

Akauliza, "Za nini tena?"

"Nataka tarehe."

Aliendelea kuchambua, Mwalimu, alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akaniambia nishushe kopo la majani chai lililo juu ya kabati. Ndani kulikuwa na kitambulisho cha mama, kadi ya kanisa, na kibali cha mazishi. Karatasi za kifo chake zilipohitajika chuoni zilipelekwa na mjomba Kimeli, mimi nilikuwa natia sahihi tu, kwa hiyo sikuwahi kukiona. Kimeandikwa: Sellah Chemutai, amefariki Jumanne, tarehe 24 Oktoba 2006.

Barua yake ni ya tarehe 2 Novemba.

Nilimuuliza kogo, "Mlimzika lini?"

"Ijumaa ile ile."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unasoma," akasema. "Mwalimu wako alisema tukikuambia utaanguka. Alisema yeye atajua la kufanya."

Ulichora mnyama wako siku ya Jumatano. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa siku ya kuosha nguo na jivu lilinichafulia soksi safi. Mama yangu alikuwa amekufa jana yake. Ulinilaza ndani ya lile jivu huku ukijua. Kisha wiki iliyofuata ukakaa chini, ukashika kalamu, ukawa yeye. Na juzi tu, ukiwa na miaka sabini na mitano, umeniandikia tena kwamba maneno yalikuwa yake.

Nimeisoma barua ile kabla ya kila mtihani wa maisha yangu. Niliisoma siku ya harusi yangu. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, nilimsomea.

Usiniandikie habari za kuku. Niambie ukweli wote au unyamaze.

Chepkemei

*

Bungoma,
17 Agosti 2025

Chepkemei,

Nimechukua karibu mwezi. Karatasi nne nimezichana.

Katika ile barua hakuna neno hata moja la mama yako. Nilikaa nikitafuta kama kuna moja, ili nikupe. Ningeweza kukuambia kwamba lile la "kaza macho kwa kalamu" lilikuwa lake. Wazo la kukuambia hivyo lilinijia, na ungeamini. Si lake, ni langu. Nilikuwa nikiwaambia hivyo watahiniwa wote.

Sasa lile ambalo nyanya yako halijui, wala mjomba wako. Naliandika kwa sababu umesema wote.

Jumapili, tarehe 22 Oktoba, baada ya ibada, nilienda hospitali kumwona. Kutoka shuleni ni kilomita nne. Alikuwa amelala upande, amefunikwa blanketi ya kijani, na alikuwa amekonda mpaka sikumtambua mara moja. Alinitambua yeye. Akauliza, "Anakula?" Nikasema unakula vizuri. Akauliza kama sweta zako bado zinakutosha. Kisha akasema, "Mwalimu, niletee mtoto."

Nikamwambia, "Mama, mtihani uko karibu. Tumlete ukiwa umepata nafuu, asishtuke."

Akasema, "Sina huko baadaye unakosema. Niletee kesho."

Nikamjibu, "Nitaona."

Nilirudi shuleni. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, tukafanya jaribio la Hisabati, ukapata tisini na sita. Nilikutazama ukikusanya karatasi za wenzako, nikajiambia, Jumatano nitampeleka. Jumanne saa nne asubuhi mjomba wako akaja ofisini ameshika kofia mkononi.

Mimi ndiye niliyemshauri wanyamaze, na baadaye akutajie siku ya kwanza ya mtihani. Mjomba wako alitaka kukuchukua siku hiyohiyo, na mimi nikamkatalia. Nilimwambia mtoto huyu ndiye tumaini la familia yenu, msimvunje kwa siku moja. Alilia, akakubali kwa sababu mimi nilikuwa mwalimu.

Nilijiambia ni kwa ajili yako. Hiyo ni nusu. Shule yetu haikuwahi kutoa msichana wa shule ya kitaifa, nami nilikuwa naibu kwa miaka tisa. Januari iliyofuata nilifanywa mwalimu mkuu. Waliponikabidhi ofisi, walitaja alama zako.

Kuhusu Jumatano ile. Nilikuwa sijalala. Sikuweza kufundisha marudio, ndiyo nikatoa kile kitabu na kwenda jikoni kuomba jivu. Nilifikiri mnyama wa mbali atanisaidia kupitisha saa moja bila kukutazama. Lakini kitabu chenyewe kilikuwa na ukurasa unaosema kwamba jike mmoja aliuawa, akavutwa ufuoni, na dume wake akarudi pale siku mbili mfululizo kumtafuta. Niliufunika kwa kiganja nikiwa nawasomea. Hapo ndipo ulipouliza kama wote waliisha.

Na siku ya mwisho ya mtihani nilikuwa nyuma ya dirisha la ofisi. Nilikuona langoni na sanduku. Nilikuona kwa muda wote ule. Nilikuwa nimeyaandika yale maneno ili kuipamba barua, sikufikiri kwamba mtoto ataenda kusimama.

Siombi kitu.

Dancan Nyongesa

*

Bungoma,
5 Oktoba 2025

Chepkemei,

Hujanijibu, na sitarajii. Naandika kukujulisha kwamba nimemweleza Phelista yote. Aliniuliza, "Baba, na mama alipokuwa anaumwa, tulipokuwa bweni, ulituambia ukweli?" Nilimwambia ndiyo. Ni kweli niliwaambia. Lakini alinitazama kama mtu anayepima ndizi sokoni kama imeiva au imepigwa dawa, na tangu siku hiyo ananitazama hivyo.

D. N.

*

Kitale,
Jumapili, 23 Novemba 2025

Mwalimu Nyongesa,

Sikukusudia kukuandikia tena. Barua yako ya Agosti niliisomea ndani ya maabara baada ya vipindi, kisha nikaosha chupa zote za majaribio, hata zilizokuwa safi. Miezi mitatu sikuweza kulitaja jina lako nyumbani. Mume wangu alijua kuna jambo, lakini hakuniuliza. Mjomba Kimeli sijamwona. Kogo nimemwona, tumekunywa chai.

Naandika kwa sababu kuna jambo limetokea hapa shuleni, na nimetafuta mtu wa kumwambia ambaye atalielewa bila kuelezwa sana. Nimekosa mwingine. Inanichukiza kwamba ni wewe.

Nina mwanafunzi wa kidato cha nne, Fridah. Mimi ndiye mwalimu wa darasa lake. Alhamisi ya tarehe 6, katikati ya mtihani wa taifa, baba yake alianguka shambani akafa. Ijumaa asubuhi ami yake alikuja, tukaitwa ofisini. Ami akasema, "Tumekubaliana nyumbani asijue mpaka amalize. Tutamzika tarehe kumi na tano, yeye akija Desemba tutamwonyesha kaburi." Mkuu wa shule akaitikia kwa kichwa na kusema, "Ni busara. Madam Chepkemei, wewe uko karibu naye. Ukimwona anauliza, mtulize."

Nilisema, "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kumtuliza."

Mkuu akasema, "Phanice, ni wiki mbili tu. Unataka kuharibu miaka minne ya mtoto?" Na ami yake, mtu mzima mwenye mvi, akanishika mkono akaniomba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshika kofia mkononi, Mwalimu. Nilielewa siku hiyo jinsi ilivyo rahisi. Hakuna aliyenilazimisha kusema uongo mkubwa. Nilitakiwa tu nitembee kutoka ofisini hadi darasani na uso wa kawaida.

Nilimwita Fridah nyuma ya maabara, tukakaa kwenye nyasi. Nilimwambia, "Baba yako amefariki jana. Walitaka usijue. Mimi nimeona ni haki yako kujua." Nilikuwa nimejiandaa alie. Hakulia. Aliuliza, "Wangapi wanajua?" Nikamtajia. Kisha akaomba kumwona.

Nilimtilia sahihi ya kutoka bila ruhusa ya mkuu, nikampeleka mochari. Alisimama kando ya baba yake, akamshika mguu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu. Tulirudi kabla ya chakula cha jioni. Jumatatu aliingia kwenye mtihani. Msimamizi aliniambia alikaa nusu saa ameweka kalamu mezani anatazama ukuta. Jumamosi alienda kuzika, Jumapili akarudi, akaendelea na karatasi zilizobaki.

Mimi nimepewa barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua. Hiyo sijali sana. Nitaijibu.

Ninachotaka ujue ni hiki. Jumatano nilimkuta Fridah peke yake karibu na tangi la maji. Nikamuuliza, "Unaendeleaje?" Akanitazama machoni, akasema, "Madam, si ungengoja tu nimalize." Akabeba ndoo yake akaenda.

Nimeligeuzageuza jambo hili kichwani kwa siku nne. Nilidhani kusema ukweli kutanifanya niwe tofauti na wewe, na kwamba mtoto atauona huo utofauti. Hakuuona. Ananichukia kwa sauti ile ile niliyokuandikia mimi Julai. Labda atafeli. Labda miaka ijayo atasema kwamba kuna mwalimu mmoja wa Bayolojia aliyemharibia maisha nyuma ya maabara, na mimi sitakuwa na alama mia nne na mbili za kujitetea nazo.

Hata hivyo alimshika baba yake mguu. Mimi sina mguu wa kushika katika kumbukumbu zangu. Nina blanketi ya kijani, ambayo umenipa wewe, na swali la sweta. Hayo nimeyapokea. Nimeyaamini kwa sababu hayana uzuri wowote.

Usisome hapa kwamba nimekusamehe. Mama yangu alikuomba kitu kimoja, kilomita nne, na wewe ukasema nitaona. Hilo sijui mahali pa kuliweka, na wewe usinisaidie kulitafutia. Desemba nitaenda kuweka msalaba mpya wenye tarehe ya kweli juu ya kaburi lake. Usije.

Kuhusu somo lako, nimelibadilisha. Mwezi jana niliwachorea kidato cha pili yule mnyama, nikawaeleza mwani, paa, mwanga, na wale wenye miiba. Mmoja akauliza kama wako waliobaki. Nikasema, "Hapana. Hakuna hata mmoja." Kisha msichana mwingine akauliza, "Sasa ule mwani, nani anaukata?" Nikamwambia sehemu nyingine hakuna anayeukata, umefunga, na chini kuna giza, na sehemu nyingine mwani wenyewe haupo tena. Waliandika. Hakuna aliyelia.

Ijumaa Fridah alimaliza karatasi ya mwisho. Alipita mlangoni mwangu na begi lake, akatazama mbele. Nilitaka kuinuka nimsaidie, nikakaa.

Huenda siku moja ataniandikia, akiwa mtu mzima, na hasira yake yote. Akiniandikia, nitamjibu yote atakayouliza, kwa mkono wangu na kwa jina langu.

Phanice Chepkemei,
binti wa Sellah Chemutai